Cherero Aliyetulia Si Cherero Aliyezoea

Cherero ni kasuku wadogo wa Afrika na Madagaska. Spishi zao ni tisa, na mbili kati ya hizo ni za Tanzania kuliko nchi nyingine yoyote: cherero wa Fischer, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, anayeishi kusini mwa Ziwa Victoria na nyanda za Serengeti, na cherero mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, wa nyanda za kati upande wa Manyara na Dodoma. Wote wawili wana duara jeupe la ngozi kuzunguka jicho, urefu wa sentimita 14 hivi na uzito unaokaribia gramu 50. Makazi yao ya asili hayafiki wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Cherero anayekutwa huko, ndani ya tundu lililoning'inizwa barazani, ni ndege aliyeletwa: ama ameanguliwa kwenye matundu ya mfugaji wa mjini, ama amenaswa porini mbali na hapo. Tofauti ya asili hizo mbili ni kubwa. Kwanza atazamwe yule wa matunduni.

Kinda wa miezi miwili au mitatu ambaye hajawahi kushikwa humpokea mtu kwa namna moja. Hujirusha kwenye pembe ya mbali ya tundu, hupiga kelele kali, na mkono ukimfikia huuma. Kuhusu ndege huyu ipo rai iliyokubaliwa na watu wengi, kuanzia muuzaji hadi jirani. Inasema ashikwe mkononi kila siku mpaka aache kupapatika. Akatwe manyoya ya mbawa ili asikimbie. Acheleweshewe chakula ili njaa imlete. Na kama ameota manyoya bila kulishwa na binadamu, mwenye naye asijisumbue, kwani wakati umeshapita. Rai hii ina umri mrefu na ina watetezi wenye mifano ya kuonyesha. Hata hivyo haisimami, na sehemu yake ya kwanza, ile ya kumshika kwa nguvu, ndiyo mbovu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayoonekana kufaulu.

Watetezi wa nguvu huonyesha ndege aliyetulia. Jana alipapatika, leo yuko kiganjani kimya, hata kichwa anaguswa. Je, huo si ushahidi? Ni ushahidi wa jambo jingine. Ndege mdogo ni windo la mwewe, nyoka na paka, na windo lililokwisha kubanwa lina kinga moja ya mwisho, nayo ni kuganda. Cherero wa namna hii hubana manyoya yake mwilini, macho huwa makubwa, kifua hupanda na kushuka haraka, na mara nyingine mdomo huachama. Mnamo 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya mbwa huko Marekani. Mbwa waliopigwa shoti ya umeme wasiyoweza kuikwepa, baadaye walipowekwa mahali ambapo kuikwepa kulikuwa rahisi, wengi wao walilala tu wakaivumilia. Hawakuwa wameizoea shoti. Walikuwa wamejifunza kwamba kuhangaika hakusaidii kitu. Cherero anayeshikwa kwa nguvu kila jioni hufundishwa somo hilohilo, na siku atakayopata upenyo ataonyesha alichojifunza: mlango ukiachwa wazi huyeyuka, na mkono ukirudi hukimbiwa kama siku ya kwanza.

Ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya rai hii uko mashambani, kwa wakulima walewale wanaoishikilia. Kila anayelima mtama anajua kuamia ndege. Sanamu ya matambara husimamishwa katikati ya shamba, na siku ya kwanza ndege hawatui. Baada ya siku kadhaa hutua kando yake, kisha juu ya mabega yake. Hakuna aliyewashika ndege hao mmoja mmoja awalazimishe kuikaribia sanamu. Woga wao umekwisha kwa sababu kitu walichokiogopa hakikufanya lolote. Mkulima anayelijua hilo huihamisha sanamu, huibadilisha nguo, au humpeleka mtoto mwenye kombeo kwenye dungu, maana jiwe moja linalovuma karibu na sikio hurudisha woga wote mahali pake. Mtu huyohuyo akirudi nyumbani, akaingiza mkono ndani ya tundu na kumkamata cherero, amelirusha jiwe lile kwa mkono wake mwenyewe, halafu anashangaa ndege hamzoei. Kanuni ya shambani na ya barazani ni moja. Kinachotisha kikikaa bila kudhuru, huacha kutisha. Kikidhuru hata mara moja, hesabu huanza upya.

Kukata mbawa ni ndugu wa kumshika kwa nguvu. Hoja yake ni kwamba ndege asiyeweza kuruka humtegemea mtu. Ni kweli humtegemea, lakini utegemezi na mazoea ni mambo mawili tofauti. Manyoya yaliyokatwa hayaondoi woga, yanaondoa njia ya kuukimbia, na kiumbe aliyezibiwa njia ya kukimbia hubakiwa na silaha moja, mdomo. Ndiyo maana wenye cherero waliokatwa mbawa hulalamika kwamba ndege wao wanauma. Zaidi ya hapo, kinda yuko katika umri wa kujifunza kuruka, kugeuka na kutua. Akikatwa wakati huo huanguka sakafuni kwa kifua, na maanguko hayo humwongezea hofu. Manyoya nayo huota tena ndege anapobadilisha manyoya, kwa hiyo mwenye kutegemea mkasi hujikuta anaanza upya. Kubwa kuliko yote, mkasi humnyima mfugaji kipimo pekee cha kweli. Ndege anayeweza kwenda zake na akaja begani ametoa habari. Ndege asiye na mbawa aliyeko begani hajasema chochote.

Juu ya njaa pasitumike maneno mengi. Mwili wa gramu 50 hauna akiba. Cherero hula mara nyingi kutwa nzima, na siku moja bila chakula inaweza kuhatarisha maisha yake. Kumpa punje anazozipenda kwa mkono badala ya kuziweka bakulini ni halali na kuna faida. Kumfungia bakuli lote ni ukatili usioleta kitu.

Sehemu ya nne ya rai, ya wakati kupita, imewakatisha tamaa watu wengi waliokuwa na nia njema, na imezaa tabia mbaya sokoni: makinda kung'olewa viotani kabla ya wakati ili walishwe uji kwa sindano na kuuzwa kama ndege waliozoea. Cherero huangua baada ya siku 23 hivi za kuatamia, makinda hutoka kiotani wakiwa na wiki sita hivi, na huendelea kulishwa na wazazi, hasa baba, kwa wiki nyingine mbili au zaidi. Anayemchukua kinda mapema huchukua kazi ya usiku na mchana asiyoijua. Uji ukiwa wa moto huunguza tumbo la kooni, ukiwa wa baridi haushuki, ukiingia kwenye mapafu kinda hufa. Na je, kuna haja? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwishoni mwa miaka ya 1990 walifanya kazi na kasuku wa Amazoni waliolelewa na wazazi wao wenyewe. Makinda walioshikwa kwa upole muda mfupi kila siku wakiwa bado kiotani, kisha kurudishwa kwa wazazi, walikua wamezoea watu kuliko wenzao ambao hawakuguswa. Ulezi wa wazazi haukuzuia mazoea.

Hata aliyeachwa bila kuguswa hajapotea. Kasuku hujifunza maisha yao yote, na cherero ni mfano mzuri. William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika utafiti uliojulikana sana mwaka 1962, alizalisha machotara wa cherero wa Fischer, ambaye hubeba vipande vya kujengea kiota kwa mdomo, na cherero mwenye uso wa waridi, ambaye huvichomeka katikati ya manyoya ya mgongoni. Machotara walirithi vurugu: walijaribu kuchomeka, vipande vikaanguka, wakajaribu tena. Lakini pole pole, kwa miaka, walijifunza kubeba kwa mdomo. Kama ndege huyu anaweza kujifunza kuishinda tabia aliyozaliwa nayo, hakuna sababu ya kuamini kwamba woga wa miezi mitatu umeandikwa kwenye jiwe. Kinachohitajika ni muda na utaratibu.

Utaratibu wenyewe huanza na mahali. Tundu liwe pana kuliko lilivyo refu, upana usipungue sentimita 60, na nafasi kati ya nondo isiruhusu kichwa kupita. Likae usawa wa kifua cha mtu, upande mmoja umeegemezwa ukutani ili ndege awe na mgongo usiokuja na hatari. Tundu lililowekwa chini hutembelewa na paka na nyoka. Lililotundikwa darini humfanya ndege aone watu kwa mbali tu. Vijiti vya kutulia viwe matawi ya unene tofauti, na mpera unafaa sana. Mkorosho usitumike, kwani utomvu wake huwasha. Kwa jambo hilo nyumba za Nachingwea na Ruangwa zina tahadhari yao ya pekee: siku ya kuchoma korosho kwa ajili ya kubangua, tundu lihamishwe mbali na upande wa upepo. Moshi wa maganda ya korosho humchoma mtu macho na koo. Mapafu ya ndege ni dhaifu zaidi. Moshi wa jiko la mkaa na mvuke wa kikaango chenye utando usioshika chakula kikiungua navyo vinaua.

Siku za mwanzo hazina kazi ila kuwepo. Mtu mmoja, yuleyule, alete maji na chakula saa zilezile, aseme neno kabla hajaonekana ili ndege asishtuliwe, kisha aondoke. Baadaye akae kando ya tundu na shughuli yake: kuchambua mchicha, kupeta mchele, kushona. Shughuli ni bora kuliko kumkodolea macho, kwa sababu macho mawili yanayomtazama ndege moja kwa moja ni macho ya mwindaji. Akae ubavu, asogee taratibu, na apime umbali kwa kumtazama ndege kwa pembe ya jicho. Ndege akikimbilia pembeni, mtu yuko karibu mno na arudi nyuma hatua mbili. Akianza kula mbele ya mtu, kujipangusa manyoya, kunyoosha bawa na mguu wa upande mmoja kwa pamoja, au kusagasaga mdomo wake kwa sauti ndogo ya kusinzia, basi umbali huo ameukubali. Ndipo kiti kisogezwe kidogo. Hatua hii ndiyo ndefu na ndiyo inayochosha, na wengi huiruka. Hairukiki.

Kinachofuata ni suke. Mtama hapa ni chakula kikuu cha ndege huyu pamoja na uwele na ulezi, na suke lake refu lina faida moja isiyokuwa kwenye punje za kumwaga: humruhusu ndege ale upande mmoja huku mkono wa mtu ukiwa upande wa pili, mbali. Suke lipitishwe kwenye nondo na lishikwe bila kutikiswa. Siku ya kwanza huenda asiliguse. Akilizoea, suke hufupishwa siku baada ya siku mpaka mdomo na kidole vinakaribiana. Ufuta, ambao wilaya hizi mbili zinaulima kwa biashara, ni zawadi nzuri kuliko zote kwa sababu una mafuta na punje zake ni ndogo. Lakini kwa sababu hiyohiyo ubaki zawadi, usiwe mlo. Mboga za majani kama mchicha apewe kila siku. Parachichi asipewe kabisa, ni sumu kwake.

Ndege anayekula mkononi kupitia nondo yuko tayari kwa mlango kufunguliwa. Mkono uingie chini, si juu, kwa sababu kinachoshuka kutoka juu ni mwewe. Ukae ndani umetulia, na ufuta kiganjani, usimfuate ndege. Yeye ndiye afuate. Hapa tofauti kati ya njia mbili zinazobishaniwa huonekana wazi: katika njia ya nguvu mkono husafiri na ndege husubiri, katika njia hii ndege husafiri na mkono husubiri. Akishapanda kiganjani kwa hiari, kidole huweza kuwekwa taratibu chini ya kifua juu kidogo ya miguu, na kwa kawaida atapanda. Anayeogopa vidole aanze na kijiti. Akiuma, mtu asipige kelele wala asirushe mkono, maana kelele ni mchezo mtamu kwa kasuku; amrudishe tu mahali pake, na ajiulize ni dalili gani ya onyo hakuiona.

Kutoka nje ya tundu kuje mwisho, chumbani, madirisha yamefunikwa, feni imezimwa, ndoo za maji zimefunikwa. Pindi ikilazimu kumrudisha na hataki, chumba kitiwe giza na achukuliwe kwa kitambaa chepesi mara moja, bila kufukuzana. Hapo na wakati wa ugonjwa tu ndipo nguvu kidogo inasameheka.

Watasema: nani ana muda huo? Swali ni la haki. Robo saa asubuhi na robo saa jioni zinatosha, na wengine huhitaji wiki chache, wengine nusu mwaka. Lakini wilaya hizi zina misimu ambayo familia nzima huhamia shambani, na tundu lililoachwa kwa mtoto wa jirani halijengi mazoea na yeyote. Asiyeweza kukaa na ndege kwa utulivu katika miezi ya kwanza hana njia ya mkato ya kununua, afuge kuku.

Hapo hujitokeza rai nyingine, ya huruma safari hii, kwamba cherero mmoja pekee hufa kwa majonzi na kwamba wawili kamwe hawamzoei mtu. Sehemu zote mbili za rai hiyo zimetiwa chumvi. Cherero ni ndege wa makundi, na mmoja aliyeachwa peke yake kutwa huteseka kweli, mara nyingine hujing'oa manyoya. Mmoja mwenye mtu wa kushinda naye huishi vizuri, na umri wake unaweza kupita miaka kumi. Wawili huzoea pia, ila polepole, na kila mmoja afundishwe kwa zamu. Kwa nyumba ya mkulima, ambayo hubaki tupu tangu alfajiri, wawili ni uamuzi wa busara, na mwenye nao akubali kuwa rafiki wa pembeni. Muuzaji anayeapa kwamba anauza dume na jike asiaminiwe: katika spishi hizi mbili za Tanzania jinsia haitambuliki kwa macho. Ajuaye kabla ya yai la kwanza kutagwa anabahatisha, isipokuwa damu au unyoya umepimwa maabara. Tahadhari moja zaidi: tundu lisiwekwe kisanduku wala pango la kujificha kama nia si kuzalisha, kwa sababu jike aliyepata pango hulilinda kwa mdomo, na mazoea ya miezi mitatu huonekana kama yamefutika kwa wiki moja.

Yote yaliyosemwa yanamhusu kinda aliyezaliwa matunduni. Aliyenaswa porini ni suala jingine. Katika miaka ya 1980 cherero wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliosafirishwa kwa wingi mno kutoka Tanzania kwenda Ulaya na kwingineko, na leo spishi hiyo imewekwa katika kundi la zinazokaribia kuwa hatarini. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa ndege wa porini kabisa mwaka 2007, na Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Ndani ya nchi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwenye kunasa awe na kibali. Ndege wa aina hiyo hutambulika: amekomaa kwa rangi, mkia umevunjika, manyoya yana mabaki ya ulimbo, na hana pete ya mfugaji mguuni. Akiletwa kwenye gulio la Ruangwa au Nachingwea kwa bei ya kuvutia, mnunuzi asimnunue hata kwa kumwonea huruma, kwa kuwa fedha yake ndiyo itakayomrudisha mtegaji porini.